Mgongo wa Mama Ukutani Kapkatet

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani, hiyo nikiipata hata leo, wivu unanirudia upya. Nilikuwa darasa la nne, miaka ya sabini ndiyo inaanza. Tulikuwa tunakaa kambi ya wachuma chai karibu na Kapkatet, maana wazazi walitoka Bungoma wakifuata kazi. Likizo ya Agosti, fundi mmoja Mkisii anaitwa Makori akaja kuchora ukuta wa hoteli pale sokoni: shamba zima la chai, na akina mama wanachuma. Mimi na jirani yangu Chelang'at tulikuwa tunashinda chini ya huo ukuta. Baba yake alikuwa na shamba lake na ng'ombe wa maziwa, na hao ng'ombe peke yao walitosha mimi nimuonee gere. Fundi akatukatia katoni ya sabuni vipande vidogo kama kiganja. "Igeni picha yangu," akasema. "Leo mkono, kesho kikapu. Atakayeweza, nitampa brashi anichoree mama mmoja wa huko nyuma."

Brashi! Niliitaka kuliko nguo ya Krismasi.

Makaa tulikuwa nayo, udongo mwekundu ndio usiseme. Shida ilikuwa kijani. Mimi nikajiona mjanja: unachora chai, si utumie chai? Nikasugua majani mabichi kwenye katoni, kijani ikatoka safi, nikalala nacheka peke yangu. Mtoto amezaliwa ndani ya chai, nikasahau kitu hata kuku wa kambi wanajua, kwamba jani la chai ukilisugua linageuka. Asubuhi shamba langu lote lilikuwa kahawia.

"Nafula, yako imeshaiva bana," Chelang'at akasema. "Ngoja nilete maziwa."

Fundi alicheka mpaka akashika ngazi. Chelang'at yeye alikuwa amesugua mboga ya managu, na kijani yake ilikuwa imetulia tu, inaniangalia.

Lakini sikuogopa, kwa sababu mistari yangu ilikuwa imenyooka kushinda yake. Fundi akapeleka vipande vyote viwili kwa jua, akaviangalia sana. "Nafula, wewe umeniiga mpaka makosa yangu," akasema. "Lakini huyu mama aliyechorwa na Chelang'at amechoka."

Nikachungulia. Huyo mama hakuwa yule wa ukutani. Bega moja limeshuka, mkono uko kiunoni, anajinyoosha mgongo. Alikuwa mama yangu. Hivyo ndivyo alikuwa anasimama kila jioni mlangoni kwetu, na mimi niko hapo hapo namngoja tu apike.

"Umemtoa wapi?" nikauliza.

"Si napitanga kwenu nikipeleka maziwa."

Brashi ikaenda kwake, akamchora huyo mama ukutani. Jumapili tukitoka kanisani, mama akasimama mbele ya hoteli na watu wote wanaona. "Ai! Si huyu ni mimi! Chelang'at mwanangu, Mungu abariki huo mkono." Wangu mkono ulikuwa umembebea Biblia.

Siku hizi ukuta huo umepakwa rangi ya kampuni ya simu, na picha zinatoka kwa mashine. Mimi nimechora bucha, saluni na shule za chekechea kutoka Kapkatet mpaka Sigor, na brashi ndiyo imenilisha. Chelang'at aliolewa Merigi, ana chai yake na ng'ombe, bado ng'ombe! Tangu ukuta ule hajachora tena hata yai. Juzi tumekutana sokoni, akanishika mkono akicheka. "Nafula! Kumbe wewe bado unachoranga?" Aliuliza vile unaweza kuuliza mtu mzima kama bado anacheza mpira wa kati na watoto.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Hawakusema sisi wajenzi tusio na miti tulale namna gani. Angekuwa anachora, labda siku moja ningemshinda. Sasa nitamshindaje mtu ambaye alishatoka mchezoni, akaenda zake kukamua?