Pete ya Shaba Kooni mwa Pikipiki

Sogea karibu nikueleze, wala usione haya kuuliza, maana hata mimi jambo hili nililifahamu vizuri baada ya kulala nje ya ukuta wa mji nimeegemea pikipiki.

Pikipiki ina koo. Petroli na hewa huchanganyika ndani ya kabureta, kisha hupita katika bomba fupi kuingia kwenye injini. Ukitaka kuipunguzia nguvu, huna haja ya kuharibu kitu. Chukua kipande cha shaba bapa, cha mviringo, kitoboe tundu dogo katikati, kisha kibane pale kabureta inapoungana na injini. Ni kama kumpa mtu bilauri ya sharubati na mrija mwembamba: atakunywa, lakini hatagugumia.

Mwaka wa pili tangu tuhame Unguja, nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa Matrah, mji wa bandari ulio jirani na Maskati. Tajiri wangu alikuwa amepata rukhsa ya kuweka pikipiki, na siku hizo rukhsa ya chombo chenye injini haikuwa jambo dogo. Ikabaki rukhsa yangu mimi ya kukiendesha. Nikaenda kwa afisa mwenye kutoa rukhsa hizo, mzee mpole mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, nikamweleza kwamba Unguja nimeendesha pikipiki miaka minane, mvua na jua, bila kumgusa hata kuku.

"Miaka minane, mashaallah," akasema. "Na hapa?"

"Hapa bado, sheikh."

"Basi wewe ni mpya."

Sharti lake likawa kwamba mwaka mzima injini ipunguzwe nguvu, kwa kuwa mpya hana adabu ya mwendo. Sijui kama sharti lile liliandikwa popote. Nadhani alilitunga palepale, na kwa haki halikuwa baya. Taabu ni kwamba hakuwa na njia ya kuhakikisha. Akauliza, "Nani anakujua?"

Katika mji mzima aliyenijua alikuwa mama yangu, naye alikuwa amekaa mlangoni na buibui lake, akinisubiri. "Mimi namjua," akasema kwa Kiarabu chake kilichokulia Unguja. "Namdhamini. Kitu hicho hakitatoka mpaka mwaka uishe."

Afisa akaridhika kama aliyepewa muhuri wa risasi. Na mimi nikaridhika, maana nilidhani dhamana ya mama ni nyepesi. Hapo ndipo nilipokosea.

Kipande chenyewe alikitengeneza sonara wa sokoni Matrah, fundi wa majambia, kwani hakuna mwingine aliyekuwa na keekee ya kutobolea nyembamba kiasi kile. Nilimwambia ni kitu cha kwenda ndani ya injini, hakuna atakayekiona. Akanitazama kwa huruma, kisha akakinakshi pande zote mbili. Nadhani hapakuwa na injini nyingine duniani iliyozibwa pumzi kwa ustadi kama ule.

Sasa sikiliza. Dada yangu alikuwa ameolewa Maskati, ndani ya ukuta, na mtoto wake wa kwanza alimfia mikononi mwa mkunga asiyemjua. Mama alikuwa mkunga tangu Unguja. Dada alikuwa amemwambia, "Mara hii nisishikwe na mtu ila wewe." Alasiri moja ikaja habari kwamba uchungu umeanza.

Siku hizo lango kubwa la Maskati hufungwa wakati wa magharibi, chombo hakipiti tena. Mwenda kwa miguu huachiwa mlango mdogo, kwa sharti awe na fanusi mkononi. Muda ulikuwepo. Mama akapanda nyuma kwa upande, kapu lake mapajani, fanusi mkononi.

"Fanusi ya nini, mama? Tutafika jua lingalipo."

"Wewe nakujua, na farasi wako namjua."

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, kwani huko injini huhitaji pumzi kidogo tu. Kisha tukaanza kupanda mlima. Katikati ya mwinuko pikipiki ikakohoa, ikawa kama inafikiri, ikasimama. Nikaiwasha, ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mama akashuka.

Nikatoa spana. "Nati mbili tu, mama. Kidogo tu nakitoa kile kipande."

"Rejesha spana."

"Binti yako anazaa!"

"Najua anazaa, nimemzaa mimi! Na nimemdhamini nani pale ofisini, jirani? Sisi hapa hatujulikani, mwanangu. Tuna neno letu tu. Tukilimwaga njiani, huyo mjukuu atazaliwa kwa watu gani?" Akajifunga buibui vizuri. "Haya, sukuma. Mimi natangulia."

Akatangulia kweli. Mimi nyuma nikasukuma chombo ambacho serikali ilikiogopa kwa kasi yake. Akanipita punda mwenye mzigo wa kuni, na mwenye punda akanipa pole kama niliyefiwa.

Kileleni nikampakia tena tukashuka, lakini tulipofika langoni jua lilikuwa limezama na mbao za lango zimefungwa.

"Chombo hakipiti," akasema askari.

Mama akawasha fanusi. Askari akafungua mlango mdogo. "Pita, bibi."

"Na mimi?" nikauliza.

"Fanusi yako iko wapi?"

Nikamtazama mama. Akaitazama fanusi, akanitazama mimi. "Wallahi ningekupa," akasema, "lakini wewe hujui kuzalisha." Akainama, akapita.

Kwa hiyo yule aliyeambiwa kuwa ni hatari kwa mwendo ndiye aliyefika mwisho. Nilikaa chini ya ukuta, nikiisikiliza injini ikipoa, nikimwomba Mungu. Alfajiri lango likafunguliwa, mama akatoka na macho mekundu.

"Msichana," akasema. "Mzima, na mama yake mzima." Akaigusa pikipiki kidogo. "Na huyu je, amepumzika?"

Mwaka ulipoisha nilikwenda na mama kwa afisa, akanipa mkono, nikakitoa kipande mbele yake. Akaisifu nakshi yake. Mpwa wangu leo anatundikia funguo zake humo.

Wewe usivunjike moyo ukipewa pikipiki iliyobanwa. Mimi niliingoja ifie katikati ya mlima na abiria juu yake. Hilo ndilo kosa. Mshushe abiria chini kabisa ya kilima, tia gia ya kwanza kabla injini haijalalamika, panda polepole bila kusimama, umngoje kileleni. Na fanusi chukueni mbili.