Zamu ya Dawati

Miaka ile ya tisini, tulipoambiwa kwamba elimu sasa ni kuchangia, shule yetu ya Pasiansi iliamua kila mzazi atengeneze dawati la mwanawe. Ilionekana ni haki kabisa. Wenye baba kwenye viwanda vya minofu ya samaki walipata madawati ya mninga, majina yao yameandikwa kwa rangi nyekundu. Sisi ambao mama zetu walianika dagaa tulikaa sakafuni, nyuma. Mwenye dawati akiugua malaria, nduguye alikuja kuligeuza miguu juu, mtu asilikalie. Niliyachukia madawati yale, na wenye nayo pia.

Nilipoingia darasa la nne, kamati ya shule ikaja na jipya: asiye na dawati abaki nyumbani mpaka alipate. Mama alikuwa mjane, na fedha ya dagaa iliishia kwenye unga. Nililia, kwa kuwa nilijua shule yangu imeishia hapo.

Mama alikwenda kwenye mkutano wa wazazi akiwa bado ananuka dagaa, akakaa mbele makusudi. Alisema hana mbao ila ana mikono, na Mwanza mawe hayajaisha. Wasio na mbao waponde kokoto za darasa jipya linalojengwa, na madawati yawe ya wote, watoto wayakalie kwa zamu. Baba mmoja wa kiwandani akasimama, akasema dawati lake kalitengeneza kwa jasho lake na ni la mwanawe.

"Sawa, baba," mama akamjibu. "Basi mwombe na mwalimu afundishe kwa sauti ya chini, hawa wetu wa sakafuni wasisikie."

Watu wakacheka, na yule baba akacheka pia, ingawa alichelewa kidogo. Mwenyekiti akaona upepo umegeuka, akapitisha hoja ya mama.

Wanawake waliponda mawe huku wakiimba nyimbo za kulimia za Kisukuma. Jumamosi moja yule baba alileta nyundo nzito, akabaki nao hadi jioni.

Zamu yangu ilipofika nilipewa dawati la mwanawe, mstari wa mbele, naye akaenda nyuma sakafuni amenuna. Nikainua macho. Chini kabisa ya ubao kulikuwa na maswali ambayo siku zote migongo ya wenzangu ilinifichia, na mimi nikajidhania mjinga. Nikageuka, nikamwona mwenye dawati akinyoosha shingo bila kuona kitu. Kwanza nilifurahi, sitasema uongo. Kisha nikamsomea.