Siku Rungu la Baba Lilipokataa Mkono Wake

Sitaki mnihurumie, na pia sitaki mseme eti ulisoma, ungejua, kwa sababu hiyo nimeshaambiwa na kila mtu kutoka Noonkopir mpaka Kajiado, wakiwemo watu ambao hawajui nilisomea nini. Video mmeiona. Kama hujaiona, muulize binamu yako yeyote. Ile sauti inayotoka kwenye rungu ni yangu, na mzee aliyelishika ni baba yangu, na hakuna aliyeongeza kitu wala kupunguza.

Nianzie kwa gemu. Nilikuwa katika dunia moja ya mtandaoni ambapo watu huigiza maisha ya miaka mia tatu ijayo kwa kuandika tu: wewe unaandika mhusika wako amefanya hivi, mwingine anajibu wa kwake amefanya vile, na sheria ni nyingi kuliko za chuo. Mimi nilikuwa fundi wa silaha za mkononi. Bastola za mwanga, glavu za umeme, visu vya kukata chuma, zote nilikuwa naziunda mimi, naandika uzito wake, betri inakaa saa ngapi, inashika moto baada ya mapigo mangapi. Na kila silaha lazima iwe na udhaifu wake, la sivyo kamati ya silaha (watu watano ambao sijawahi kuonana nao, na ambao niliwaheshimu kuliko wazee wa kwetu, mniwie radhi) inaikataa. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, kazi hakuna, na huko ndani waliniita fundi mkuu. Niambieni nani hangebaki.

Silaha yangu mpya ilikuwa rungu. Nilitaka kitu cha kwetu katika dunia ambayo kila mtu anaunda panga zinazowaka. Rungu la mshtuko, linalomtambua mwenyewe kwa kiganja, na likishikwa na mkono mwingine linajifunga na kutangaza kwamba limejifunga. Huo ndio ulikuwa udhaifu wake: mwenyewe akiumia mkono, amekwisha. Kamati ililipenda, lakini ikataka video ya mfano wa kushikika, ndiyo iamini kwamba mtu amefikiria.

Wiki hiyo hiyo baba akanipigia simu kutoka Kajiado. Baba ni olaiguenani, yaani msemaji wa rika lake, na siku walipomchagua walimkabidhi rungu jeusi ambalo ndilo cheo chenyewe. Mkanda wa shanga kwenye mpini ulikuwa umekatika, akalituma kwa mama mmoja anayeshona shanga hapa Noonkopir, na sasa lilikuwa tayari. Nilichukue, nimpelekee Alhamisi, mkutano ni saa nne asubuhi.

"Usipatie mtu akubebee," alisema. "Na usilichezee."

Mimi na hilo rungu tulikuwa na maneno ya zamani. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilimuuliza baba kama maneno yake yangekuwa na uzito ule ule akisimama mikono mitupu. Akafikiri, akasema hajui, rungu si lake, ni la waliompa. Nikaona amelikwepa swali. (Nilikuwa naona kila mtu amelikwepa swali.)

Basi Jumatatu nikalichukua, na Jumanne, nikiligeuza geuza mezani, nikaona ule mkanda mpya ni mpana na chini yake kunaweza kufichwa kitu. Hapo ndipo. Kama kuna dakika ningerudisha, ni hiyo. Nilikuwa na spika nyembamba ya kadi ya siku ya kuzaliwa, betri ya saa, swichi ndogo ya kusukuma kupitia shanga, na kifaa kidogo kinachojua kama kitu kimeinuliwa, na kwa kuwa spika ilikataa kukaa vizuri nikatoboa shimo kwenye mpini, shimo dogo tu, la milimita nane, nilipima, huku nikijiambia kwamba huu ni mti na mti hauna rika. Kisha nikarekodi sauti yangu, nzito, ya fundi mkuu, nikafunga mkanda wa shanga juu yake. Ukiangalia huoni kitu. Usiku huo nikajipiga video nikiliinua, nikaituma kwa kamati.

Jumatano kamati ikajibu kwamba video ni nzuri ila wanataka kuona mkono wa mtu mwingine ukikataliwa. Mtu mwenye akili angetoa vile vitu hapo hapo. Mimi nikapanga kwamba mkutano ukiisha nimwombe binamu yangu alishike nyuma ya ukumbi, tambarare yote ikionekana, dakika mbili, halafu nitoe kila kitu. Nikazima swichi. Naapa nilizima.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa, na habari yenyewe ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda bwawani, ambayo tumeipita tangu babu. Mzee Tipape, jirani yetu, alitaka kuifunga kwa ua kwa sababu inakata shamba lake, na hati anayo. Njia ikifungwa, ng'ombe wetu na wa majirani wazunguke kwa barabara kuu, kwenye malori. Hakuna mtu angeweza kumshawishi Tipape na ule umati isipokuwa baba, hilo hata mimi nililikubali.

Nilifika wazee wakiingia. Nikainamisha kichwa, wakanigusa utosini kunisalimu, mmoja mmoja. Baba akanyoosha mkono, akalitoa rungu kwenye begi mwenyewe, akapapasa shanga.

"Yule mama amefanya kazi safi," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema Papa, ngoja kidogo. Nilihesabu: swichi imezimwa, na nikisema itabidi nieleze shimo. Nikaenda kuketi. (Swichi ilikuwa imesukumwa na kitu ndani ya begi, nadhani chaja.)

Tipape alisema yake, na alisema vizuri, watu wakaanza kuguna kumkubali. Kisha baba akasimama. Mnamjua, hapayuki. Akangoja wanyamaze, akainua rungu ili aanze, na rungu likasema kwa sauti yangu, ukumbi mzima ukisikia:

"Mkono haujatambuliwa. Silaha imefungwa."

Hakuna aliyecheka mara ya kwanza. Baba akalishusha, akaliinua tena karibu na macho aliangalie, na likarudia. Hapo ukumbi ukapasuka. Niliona simu tatu juu.

"Olaiguenani," Tipape akasema, akipangusa macho, "hata rungu yako imekukana. Sasa sisi tukusikize kama nani?"

Baba alingoja kicheko kiishe. Hakuniangalia.

"Hiyo ni sauti ya kijana yangu," akasema, akaketi.

Mwenyekiti akamsihi aendelee. Akasema rungu likishachekwa haongei nalo siku hiyo, na bila hilo yeye ni mwenye ng'ombe kama wengine, hawezi kuwasemea. Na mimi, kwa ile akili yangu, nikaona hapa ndipo nitaokoa mambo, nikasimama katikati ya wazee nikasema si aongee tu bila rungu, maneno ni yale yale. Nilikuwa na hoja, hata ya pili ilikuwa njiani. Mzee mmoja wa rika lake akanigeukia, bila hasira.

"Hiyo ndiyo unatuuliza leo, kijana?"

Nikaketi. Wakainua mikono, njia ikafungwa.

Jumamosi kamati ya gemu ikaniandikia. Sijui nani aliwafikishia ile video ya ukumbini. Wakasema silaha imepita, kwamba hawajawahi kuona uthibitisho bora kuliko huo. Nilisoma mara mbili, nikafunga akaunti, na sijaunda silaha nyingine tangu siku hiyo, hata ya maandishi. Na nikishika kitu cha mtu sasa, hata kikombe, nakirudisha kilivyokuwa.

Nilitoa vile vitu mbele ya baba. Nikamwambia naweza kuliziba shimo kwa nta nyeusi, lisionekane. Akakataa. Akavuta shanga juu yake, akasema waliompa rungu wanajua shimo liko.

Ng'ombe wetu siku hizi wanazunguka kwa barabara kuu, na ndama mmoja ameshagongwa. Mikutano bado ipo, na baba bado anaitwa. Anasimama, anainua rungu, halafu haongei mara moja kama zamani. Anangoja kidogo, kichwa amekiinamisha upande wa mkono, anasikiliza kama litasema. Na ukumbi wote unangoja naye.