Kwikwi ya Baba Redioni

Baba alishikwa na kwikwi kanisani Mabamba, katikati ya sala, na mimi nikacheka. Sikuwa peke yangu. Benchi zima la kwaya tuliinamisha vichwa kama watu wanaotubu, mabega yakitikisika. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito, na kila alipofika "utusamehe" kitu kiliruka kooni, kwik! Akameza mate, akaanza upya, kwik! Mwishowe mchungaji akamsaidia kumalizia.

Nyumbani tuliendelea kucheka. Mama alichomoa uzi kwenye kanga yake, akaulowesha, akambandika kwenye paji la uso, dawa ya watoto wachanga. Baba akaketi nao mlangoni kwa heshima zake zote. Watoto wa jirani wakapita wakimwuliza kaiba nini, maana ndivyo tunavyomtania mwenye kwikwi. Uzi ukakauka, ukadondoka, kwikwi ikabaki.

Ikabaki siku iliyofuata, na nyingine. Akila, chakula kinarudi. Akisinzia, inamwamsha. Macho yakaanza kuzama, na kicheko chetu kikafa chenyewe. Karibu wiki ikaisha hivyo. Tukampandisha lori la maharage, mimi nikiwa wa kumuuguza, tukaenda hospitali ya Kibondo.

Mganga pale alikuwa kijana kutoka Uchagani, mpole, mwenye mikono mirefu. Alimpima baba kila mahali, kisha akafungua kitabu chake cha utabibu. Kilikuwa kitabu kinene, lakini mchwa walimtangulia: walikula koo na tumbo lote, wakaacha ngozi.

"Angekuwa na upele," akaniambia, "ningemtibu leo leo."

Ikabaki redio. Wakati ule kila asubuhi hospitali na zahanati za huku kwetu zilikutana hewani. Kasulu kulikuwa na daktari mama wa Kizungu mwenye kabati zima la vitabu vipya. Mganga wa porini akikwama anauliza, yule mama anafungua kurasa, anasoma na kuzifasiri kwa Kiswahili hewani, ili wa zahanati nao wajifunze. Redio yetu ilitumia betri ya gari, na betri yenyewe ilikuwa imechoka. Ilikaa dirishani, na nje ya dirisha wagonjwa walikuja na vigoda vyao. Siri haikuwepo. Tulijua jipu la mtu wa Kakonko limeota wapi, na mwenyewe hatujapata kumwona!

Kesho yake asubuhi baba aliketishwa kwenye benchi chini ya dirisha, kajifunika blanketi.

"Kasulu, Kasulu, hapa Kibondo," mganga akaita. "Nina mzee, ana kwikwi karibu wiki. Hali, halali. Vitabu vinasemaje? Ova."

Tukasikia kurasa zikifunuliwa, nakuapia, kutoka Kasulu! Kisha sauti ya yule daktari mama: mpeni kijiko cha sukari kavu. Baba akapewa, akailamba, kwik. Mvuteni ulimi. Nesi akamvuta ulimi mzee wa kanisa mbele ya umati, kwik. Anywe maji akiwa ameinama. Akainama, maji yakampanda puani, akapiga chafya na kwikwi kwa pamoja, na mimi binti yake nikaanguka chini kwa kucheka. Zahanati nazo zikadandia. "Mtisheni!" sauti moja ikasema. "Mwambieni ng'ombe wake wamekufa!"

"Walikufa — kwik — zamani," baba akajibu dirishani.

Kurasa zikafunuliwa tena. "Kuna sindano," yule mama akasema. "Ni dawa tunayowapa wagonjwa wa akili, lakini kwikwi kama hii inaituliza vizuri. Mnayo? Ova."

"Tunayo."

Jirani yetu wa benchi akasogeza kitako mbali nasi. Baba akasimama, akakusanya blanketi lake. "Mimi nina kwikwi," akasema, "sina wazimu." Akarudi wodini, akajifunika gubigubi.

Mganga akanivuta pembeni. Hakuwa na utani tena. Alisema mwili wa baba umekauka na moyo umechoka, na kama hachomwi sindano leo, yeye hana dawa nyingine. Nikamfuata baba wodini. Niliogopa, na nilikasirika kweli kweli.

"Baba, unataka kufa kwa sababu ya aibu?" nikamwuliza.

Akafunua uso. "Huyo mama ni nani? Ameingia masikioni mwangu bila hodi. Hajaniuliza — kwik — nimeamkaje. Mara wazimu, mara sindano! Mtu asiyenisalimu nipokee dawa yake?"

Basi nikaelewa. Kwetu Uha mtu akikujia anapiga makofi taratibu, anakuuliza hali yako na ya nyumba nzima, ndipo aseme shida yake. Asiyefanya hivyo humpi hata kaa la moto, wala hupokei kitu chake. Nikarudi mbio dirishani.

"Mwambie amsalimie!"

"Betri inakufa!" mganga akasema.

"Na baba je?"

Akanitazama, akabonyeza kitufe. "Kasulu, samahani. Mgonjwa anataka salamu. Ova."

Redio ikakoroma tu. Halafu yakaja makofi, pa, pa, pa, ya polepole kabisa. "Mwakeye!" yule mama akasema, kwa Kiha alichofundishwa na akina mama wa sokoni Kasulu. Tukambeba baba mbiombio, blanketi likiburuzika. Yule mama akauliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, za maharage, za mvua. Baba akapiga makofi na kujibu kila moja, kwik, hakuruka hata jirani. Kisha zamu yake ikafika.

"Mume wako — kwik — hajambo?"

"Sina mume, mzee wangu."

"Pole. Atapatikana."

Zahanati zote zikalipuka kwa kicheko, na nyingine zikapiga makofi nazo. Mganga alikuwa ameshika betri kwa mikono miwili, kama anayembembeleza ng'ombe mbishi akamuliwe.

"Mzee," yule mama akasema, sauti yake ikififia, "nakuomba ukubali ile sindano."

"Sasa — kwik — umesema. Nimekubali." Redio ikazimika palepale.

Alichomwa sindano, akalala. Mchana ule niliketi kitandani kwake nikisikiliza. Kwikwi zikaachana, zikapungua, kisha ikaja moja ya peke yake. Nikasubiri nyingine. Wiki nzima nilikuwa nimeilaani, lakini ndiyo iliyokuwa ikiniambia baba yu hai, hata nikimpa kisogo. Haikuja. Nikapiga ukelele, nikamkamata mabega na kumtikisa.

Akafungua jicho moja. "Una wazimu wewe?"

Wote wawili tukasikiliza koo lake. Hakukuwa na kitu. Akameza mate, kwa woga, mara mbili. "Nina njaa," akasema.

Nilikimbilia jiko la wauguzaji nyuma ya wodi nikilia kwa sauti, na wanawake waliponiona hivyo wakashika vichwa, mmoja akaanza kuomboleza.

"Siyo!" nikapiga kelele. "Ana njaa! Baba ana njaa!"

Wakapiga vigelegele, kila mmoja akanichotea kutoka sufuria yake, nami nikarudi kwa baba mbio na bakuli la uji wa watu nisiowajua, nikiumwaga njia nzima.