Dansi ya Watu Wanane, Huanshi Zhonglu

Yustina aliingia kwenye dansi ya Kiairishi kwa kukosea mlango. Siku hiyo alikuwa amempeleka Bi Kauthar, mfanyabiashara wa Unguja, kwa muuza viatu mmoja karibu na Shisanhang, soko la nguo za jumla. Hiyo ndiyo kazi yake Guangzhou: huwachukua wateja wanaotoka Dar na Zanzibar, akawatembeza madukani, akawasemea Kichina na kuwapigania bei mpaka laoban, mwenye duka, achoke mwenyewe. Wakapanda ngazi za jengo lisilo lao. Walipofika juu wakasikia kishindo kama cha mvua ya mawe kwenye bati, wakausukuma mlango.

Ndani wasichana wa Kichina walikuwa wamejipanga mstari mmoja. Mikono imelala ubavuni, mabega hayatikisiki, nyuso zimetulia kama za watu wanaosubiri lifti. Lakini kuanzia magotini kwenda chini hapakukamatika. Miguu ilipaa, ikapishana hewani, ikashuka na viatu vya soli ngumu vikalia kwa pamoja, na sakafu ikatetema mpaka pale waliposimama wao wawili.

"Juu wamelala, chini wanakimbia," Bi Kauthar alinong'ona. "Hebu tazama mambo."

Yustina alisogea hatua moja ndani. Kwao Tukuyu amecheza ngoma tangu utotoni, na ngoma aliyoijua huanza mabegani ndipo ishuke. Hakuwahi kudhani mwili unaweza kuzuiwa hivyo nusu moja ili nusu nyingine iseme yote. Bi Kauthar alilazimika kumvuta mkono ndipo akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi peke yake. Mwalimu Liang, mzaliwa wa Guangzhou aliyejifunza dansi hiyo alipokuwa akisoma Ireland, alimtazama nyuma yake kama anayetafuta mtu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, Mwalimu. Ni mimi."

Alikuwa amepita miaka thelathini. Alianza na watoto wa shule ya msingi, kichwa na mabega juu yao wote, na watoto walimcheka siku za mwanzo kisha wakamzoea. Miaka ikapita hivyo. Mchana alibishana bei za magauni ya jumla, jioni alijifunza kunyanyua kisigino. Siku moja Mwalimu Liang alimkuta akimweleza binti mmoja hatua iliyomshinda wiki nzima. Binti akaipata.

"Kwa nini usifanye mtihani wa ualimu?" Mwalimu Liang akauliza walipobaki wawili.

Yustina alicheka. Akadhani ni utani.

"Sikutanii. Wewe kutwa unachukua jambo kwa mtu mmoja na kumfikishia mwingine kwa namna atakayoielewa. Kufundisha ni nini zaidi ya hapo?"

Mtihani wenyewe ulimtisha. Angecheza yeye, angemfundisha mtoto asiyemjua mbele ya watahini, angesikiliza muziki na kuutaja ni wa aina gani. Na zilikuwepo dansi za pamoja, ambazo mwalimu anapaswa kujua nafasi ya kila mchezaji, atoke wapi, apite chini ya mkono wa nani, arudi vipi. Yustina alijaribu kuzichora, mishale ikagongana. Akapanga vifungo vya nguo mezani akavisogeza kwa kidole. Vifungo havikumwambia kitu.

"Unahitaji watu wanane," Mwalimu Liang alimwambia. Lakini wanafunzi wake walikuwa kwenye mitihani ya shule.

Ndipo Yustina akamwendea Mbarak, wakala wa mizigo mwenye ofisi kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, akaomba ukumbi wa kufungashia marobota siku za Jumapili, mzigo ukishatoka. Mbarak alikubali kabla hajaambiwa ni wa nini. Kazi ilikuwa kwa Bi Kauthar, aliyekuwa amerudi Guangzhou kwa miezi kadhaa kukusanya mzigo.

"Mimi mkono wa mwanamume asiye maharimu wangu sishiki, n'shakwambia."

"Hamna mwanamume, Bi Kauthar. Wote wanawake, na Mbarak atatufungia mlango kwa nje."

"Na magoti yangu haya?"

"Utatembea tu. Wengine wataruka."

Akaja, akamleta mpwa wake Shifa na rafiki yao Maulida. Émérance, mnunuzi wa nguo kutoka Lubumbashi, akaja na binti zake wawili. Mama mmoja wa Kichina anayeuza vifungo hapo mtaani Xiaobei alikuja na dada yake, akishuku kidogo. Wakawa wanane, na Yustina akabaki nje ya duara, awaone.

Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu. Kila alipotaja kulia kwa lugha hii, wa lugha ile alikwenda kushoto.

"Doucement, polepole, mutaniangusha!" Émérance alilalamika, amebanwa baina ya Maulida na mzani wa mizigo.

Yustina akasimamisha muziki, akafikiri. Kisha akaacha kulia na kushoto kabisa. Akasema: dirishani, mlangoni, kwenye mzani. Vitu hivyo kila mmoja alikuwa anaviona. Miguu ikaanza kutii.

Jumapili baada ya Jumapili makosa ya palepale yakapungua. Halafu alasiri moja ya joto, feni zikizunguka, muziki ukaanza na wakaondoka wote kwa mguu mmoja. Wakafanya mnyororo, kila mkono ukiachia mmoja na kukuta mwingine unaongoja. Shifa akapita chini ya mikono ya dada wa Kichina bila kuinama sana wala kugusa. Bi Kauthar alitembea kwa haiba ya bibi harusi. Duara likapanuka likagusa kuta, likajikunja, likafunguka, na muziki ulipokoma kila mtu alikuwa amesimama pale alipoanzia, mkono ndani ya mkono wa mwenzake.

Walitazamana wakihema. Jambo lile lilikuwa limetoka kisiwa cha mbali ambacho Yustina hakuwahi kukiona, na sasa lilikuwa hapa, limekaa katika miili ya wanawake wasiokuwa na lugha moja ya kusalimiana.

"Tena," mama wa vifungo akasema kwa Kichina. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Mtihani ulifanyika Shanghai, akaenda kwa treni. Mtoto aliyepewa kumfundisha alikuwa mzito na mwenye haya, na kufika mwisho wa hatua alikuwa anatabasamu. Dansi za pamoja alizieleza akiwa amefumba macho. Aliwaona wote wanane. Muziki ndio uliomwangusha. Nyimbo mbili za mwisho zilimchanganya, na majibu yalipokuja yalisema amefaulu sehemu zote isipokuwa hiyo. Atairudia mwakani.

"Kwa hiyo wewe ni mwalimu au si mwalimu?" Bi Kauthar aliuliza kwa simu kutoka Unguja.

"Bado kidogo."

Siku hizi Yustina hutembea Huanshi Zhonglu na spika za masikioni, akipishana na mikokoteni ya marobota, anasikiliza nyimbo moja baada ya nyingine. Mara nyingine wimbo anaodhani keshaujua hugeuka katikati, ukafungua kitu ambacho hakukisikia kabla. Hapo husimama kando ya njia, watu wakampita, mpaka uishe.