Walivyonifanya Golikipa Butiama

Sijawahi kuwa golikipa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ukweni kwangu Butiama wananiita Kipa, na walioanzisha jina hilo walipata nafasi ya kuusikia ukweli wakakataa kuusikia.

Mimi nilikuwa kwotabeki. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, kwotabeki ndiye anayeanzisha kila shambulizi. Anapewa mpira mkononi, anarudi nyuma hatua chache, na huku majitu yanakuja kumvunja, anautupa mbali, mahali ambapo mwenzake bado hajafika. Akikosea yeye, timu nzima imekosea. Nililipwa kwa kazi hiyo misimu kadhaa huko ng'ambo, katika ligi ndogo lakini ya kulipwa. Kama kuna mtoto mwingine wa Nyasho, pale Musoma, aliyefanya hivyo, ajitokeze.

Sikubebwa na mtu. Mkono huu niliutengeneza kijijini Suguti, kwenye mtama wa bibi, nikifukuza ndege kwa mawe tangu alfajiri. Nilipopata chuo ng'ambo niliosha vyombo vya watu ili nisome, mpaka nikachukua stashahada yangu ya uongozi wa michezo. Siku moja mpira ulitoka nje ya uwanja wa chuo, nikaurudisha kwa kuurusha. Ulipita juu ya vichwa vya wachezaji wote ukaangukia upande wa pili. Kocha alinifuata hapo hapo. Nimecheza nikiwa na mbavu zilizopasuka. Bega la kulia lina chuma hadi leo.

Nimerudi Musoma, nimejenga, nimefungua jimu, na bado watu wananicheka. "Mpira wa mikono? Si ndio netiboli hiyo?" Netiboli huku kwetu ni mchezo wa wasichana wa shule. Dharau hiyo nilikuwa nimejifunza kuimeza, ila kwenye posa yangu mwenyewe ilinikwama kooni.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu Manyamanyama, pale Bunda. Nilipomwonyesha video ya mechi yangu, hakucheka. Aliuliza kwa nini yule aliyenigonga kwa nyuma hakuadhibiwa. Nikaamua ni huyu.

Kwao ni Butiama, na utaratibu wa posa wa ukoo wao hauna mjadala: anayeposa hasemi. Anakaa, anatazama chini, mshenga ndiye anayeongea. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mkulima wa Suguti. Nikamchukua kwa gari langu na kumfundisha njia nzima.

"Sema kwotabeki."

"Kotabeki."

"Sema ni kiongozi wa mashambulizi."

"Mura, hilo la mashambulizi tuliache. Watafikiri ulikuwa jambazi."

Sebuleni aliyeongoza kikao alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu. Akauliza kijana anafanya kazi gani. Baba mdogo alianza vizuri: jimu mjini, stashahada, na kule ng'ambo alikuwaga mchezaji wa kulipwa.

"Mchezaji, vizuri. Namba ngapi?"

Baba mdogo akafungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa limeshamtoka kichwani, nikaliona likimtoka. "Yeye alikuwa anarushaga mpira."

"Kurusha? Kwa mkono?"

"Kwa mkono, mzee."

Shangazi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Kumbe mkwe wetu ni wa netiboli. Sketi amekuja nayo?"

Nyumba nzima ikacheka, mpaka jikoni. Baba mdogo akanitazama mara moja, akasema, "Golikipa. Alikuwaga golikipa."

Kicheko kikakatika. Baba mkubwa akatikisa kichwa kwa heshima. "Golikipa, sawa. Hiyo ni kazi ya mtu asiyeogopa."

Nikasimama. Nikawaambia sikuwa golikipa. Golikipa anasubiri mpira umfuate, mimi ndiye nilikuwa naamua uende wapi. Niliwaambia na kuhusu bega.

Hakuna aliyeinua macho. Baba mkubwa akamgeukia baba mdogo kana kwamba mimi ni kiti. "Mshenga, kuna mtu amesema kitu?"

Ndivyo utaratibu ulivyo. Neno la anayeposa halisikiki, hata apige kelele. Baba mdogo angeweza kulirudia kwa mdomo wake, likawa neno. Alikuwa na nafasi hiyo.

"Hapana, mzee," akasema. "Ni upepo."

"Basi kijana akapunge huo upepo nje. Endelea. Golikipa."

"Golikipa," akarudia baba mdogo.

Nikatoka. Nilisimama kando ya zizi, funguo za gari mkononi. Miaka yote ile ya kupigwa chini na kuinuka, mtu ambaye hajawahi kutoka mkoani anaifuta kwa neno moja, na wengine wanamkubalia. Nilikuwa nawasha gari kichwani mwangu. Heshima yangu ningeondoka nayo, mwanamke angebaki.

Yeye mwenyewe akatokea nyuma ya jiko, mikono ina unga.

"Unaondoka?"

"Umesikia walivyoniita?"

"Nimesikia."

"Na wewe unajua nilikuwa nani."

"Najua. Sasa unamuoa baba mkubwa au unanioa mimi?" Akaangalia nyuma kama kuna anayekuja. "Wameshaanza kutaja ng'ombe. Wakisikia injini, wanaacha."

Alirudi jikoni bila kungoja jibu. Funguo nikazitia mfukoni, na nilikasirika zaidi kwa kuwa alisema kweli.

Walipomaliza, baba mkubwa alitoka akaushika mkono wangu wa kulia na kuutikisa kwa nguvu zote, chuma kikaniuma hadi shingoni.

"Karibu nyumbani, Kipa."

Sasa nilikuwa naruhusiwa kusema, na wote walikuwa wananitazama mdomoni.

"Asante, baba," nikasema.

Njia yote ya kurudi Musoma baba mdogo alikuwa anaimba pambio. Alipochoka akaniambia nimshukuru, amenipatia mke. Nilikaza macho barabarani. Tumeoana, tunaishi vizuri, na baba mdogo bado sijamshukuru.