Violini za Upande wa Kushoto

Amplifaya niliinunua kwa mzee mmoja wa Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, mwalimu mstaafu wa muziki, na sikumwamini tangu dakika ya kwanza. Alisema anahamia nyumba ndogo na mkewe hataki tena kuona vyombo vyenye nyaya. Ilikuwa ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kabla sauti haijatoka, kama zilizokuwa ndani ya redio ya baba yangu. Bei ilikuwa ndogo mno. Nilimuuliza mara mbili kama ina kasoro, na mara mbili akasema haina. Kwenye treni nilikaa nimeipakata, nikijiuliza amenificha nini.

Mimi ni fundi wa mitambo ya hewa. Nilikuja Stockholm kusoma, nikabaki, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi kwenye vyumba vya chini ya majengo makubwa, katikati ya mafeni na kompresa. Muziki wa klasiki ulinishika zamani, nikiimba besi katika kwaya ya usharika wetu nyumbani. Huku nilizoea kuusikiliza kwenye gari la kazi wakati wa mapumziko. Sasa nilitaka kuusikia sawasawa, nikiwa nimekaa kwangu Rissne, na kwa kuwa kuta za ghorofa yetu ni nyembamba, ilibidi ziwe hedifoni.

Muuzaji wa dukani alikuwa mwanamume wa makamo, nywele amezifunga nyuma. Alinieleza kwamba amplifaya ya valvu kama yangu inataka hedifoni zenye omu nyingi, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, la sivyo besi inavimba na unasikia mvumo. Kwa okestra, akasema, chagua zilizo wazi mgongoni, sauti ipate pa kupumulia. Hayo niliyaamini, maana habari za umeme nazijua. Nikajaribu kadhaa, nikachagua moja, naye akaingia stoo akanitolea boksi.

Nilipofika nyumbani nikaweka simfoni ninayoijua vizuri. Katika okestra, violini za kwanza hukaa kushoto na selo, zile kubwa za sauti nzito, mara nyingi hukaa kulia. Selo zilikuwepo, karibu kabisa, nikisikia hata upinde ukigusa waya. Violini zilikuwa mbali, kana kwamba wapigaji wamewekwa chumba cha pili na mlango umerudishwa. Nikarudia. Nikabadilisha muziki. Hali ikawa ile ile.

Hapo nikalikumbuka lile boksi. Kwa nini alilitoa stoo, na nyingine zilikuwapo rafuni? Nikajiambia hizi zilirudishwa na mteja mwingine, na yeye akaona mtu mweusi mwenye lafudhi, akasema huyu hatajua. Kuwaza hivyo si lazima uwe mtu mbaya. Ukiishi ugenini muda mrefu, swali hilo huja lenyewe.

Nilizirudisha. Muuzaji akazisikiliza, akasema yeye anasikia pande zote sawa, lakini akanibadilishia bila ubishi. Kutobisha kwake kukanitia shaka zaidi. Mtu asiye na kosa angebisha kidogo.

Za pili zikawa hivyo hivyo. Nikazirudisha nazo, nikachukua za tatu, zilizofunikwa mgongoni. Violini bado zilikuwa nyuma ya mlango. Hedifoni tatu haziwezi kuharibika upande mmoja, kwa hiyo nikamrudia mzee wa Upplands Väsby moyoni mwangu. Nilihamisha valvu ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia kushoto. Hakuna kilichobadilika, na sikujua nifikirie nini.

Ghorofa ya chini yetu anakaa Mkongomani wa Bukavu, mpiga gitaa wa kanisani kwao, mwenye kipimo cha umeme na subira nyingi. Nilimshushia amplifaya. Akapima, akavaa hedifoni, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Minasikia muzuri, grand frère," akasema, akiniita kaka mkubwa kwa Kifaransa. "Kushoto na kuume, ni sawa tu."

Nilimshukuru, nikapanda ngazi nikiamini amesema hivyo kwa adabu, asinivunje moyo kwa kitu nilichokwisha kukinunua.

Niseme ukweli, siku zile sikuwa nawashuku muuzaji na mzee peke yao. Mke wangu alikuwa ameanza kuzungumza na dada yake kwenye simu kwa sauti ya chini, hasa nikiwa mezani. Kazini wenzangu walikuwa wakicheka jambo, nikigeuka wanakuwa wameshamaliza. Kila mahali niliona watu wakipunguza sauti kwa ajili yangu.

Jumamosi moja mchana mke wangu alinikuta sebuleni nikivuta nyaya. Yeye anahudumia wazee katika makao huko Jakobsberg. Alisimama akinitazama, kisha akaniuliza hedifoni zina nini. Nikamweleza yote: boksi la stoo, bei ndogo, jirani na adabu yake.

"Zivae kinyume," akasema. "Ya kushoto iweke kulia."

Nikamwambia hazivaliwi hivyo.

"Vaa tu, baba watoto."

Nikavaa. Violini zikanijia kulia, karibu, kali na safi, kila noti na mwanzo wake. Selo ndizo zilizohamia kushoto, zikafifia. Sikuzivua haraka. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka kipande kile kiishe kabla sijasema kitu.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi. Nikikuita kutoka upande ule huitiki. Nilikwambia mara mbili, ukasema nanong'ona."

Ndipo nilipogundua kwamba kwenye kochi siku hizi yeye hukaa kulia kwangu. Mimi nilidhani anapenda kuwa karibu na dirisha.

Nilikwenda kupimwa. Mpimaji, mwanamke mpole, alinionyesha mstari wa sikio la kushoto ukiporomoka kwenye sauti za juu. Akaniuliza kazi yangu, na nilipotaja kompresa akatikisa kichwa taratibu. Hata hivyo nilimwomba arudie kipimo, huenda upande ule wa mashine yake una hitilafu. Alirudia bila kulalamika. Mstari ukaporomoka palepale.

Dukani nilirudi nikasema ukweli, kwa sababu nilimwona muuzaji akikaza uso nilipoingia. Akasikiliza, akaniambia za rafuni huguswa na kila mtu, ndiyo maana boksi la mteja hulitoa stoo. Nikaomba zile za kwanza.

Amplifaya yangu ina vitufe viwili vya sauti, kila upande na chake. Sasa naongeza kushoto mpaka violini zinakaribia. Haziji zote. Ule ukali wa juu kabisa haurudi, na mpimaji amenionya nisiongeze kupita kiasi. Amenipa miadi ya kufungiwa kifaa kidogo sikioni, akisema kitanisaidia sana. Nimeikubali miadi. Kifaa chenyewe nitakiamini nikishakisikia.